Pikipiki Isiyonguruma

Jumatatu, 2 Machi

Umeme umekatika tena alfajiri. Batri imefika nusu tu. Pikipiki imelala sebuleni kati ya kochi na televisheni, waya ungali umechomekwa, matope ya jana bado yako kwenye magurudumu. Ngalula, mke wangu, anapita pembeni yake kama vile kuna mgonjwa.  Anapumua tu kwa nguvu ili nisikie.

Siku ya tatu niko nayo na sikumbuki tena kilichonifurahisha pale dukani.

Mguu wa kushoto unatafuta gia. Hakuna gia. Mguu wa kulia unatafuta kiki. Hakuna kiki. Unabonyeza kitufe, taa zinawaka, basi. Ukisimama njiani watu wanadhani imezimika. Leo mama mmoja mbele ya duka la mkate kaniuliza, "Papa, moto inazima?" Moto, yaani pikipiki, haikuzima. Ndivyo ilivyo.

Radio ingesikika mpaka ng'ambo ya reli. Hiyo ndiyo pikipiki yangu ya zamani, nimeiendesha miaka kumi na minane. Jina hilo waliipa wanafunzi wa sekondari ya Ruashi, ambako mimi ni mkuu wa nidhamu, Directeur kama wanavyoniita. Ikikohoa barabarani, shule nzima imeshapata habari. Injini ilikufa Januari, na foleni za mafuta zilikuwa zimeshanichosha. Hii mpya hainywi mafuta. Inakula umeme, na umeme wa mtaa wetu ni wa kubahatisha.

Nimenunua mkosi.

Jumanne, 3 Machi

Njia ya Ruashi. Ukigusa mkono kidogo tu inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa. Nusura nimwagike mbele ya lori la mgodi.

Jambo ambalo sikulijua miaka yote hii: watu wa hapa wanavuka barabara kwa masikio. Hawatazami. Wanasikiliza, hawasikii kitu, wanaingia. Mama mwenye beseni la mihogo kaingia mbele yangu hivyo hivyo. Nimefunga breki, mihogo miwili chini. Kaniita mchawi mpaka nimefika kwenye kona.

"Mulozi weye! Unakuya sawa nyoka!"

Vijana wa pikipiki za abiria, hawa tunaowaita manseba, walikuwa njia panda wanasubiri wateja. Wamecheka mpaka wameshika matumbo. Mmoja kapaza sauti: "Directeur, ile ni moto ao ni pasi?" Wawili kati yao niliwafukuza shule mimi mwenyewe. Ningewafukuza tena.

Alhamisi, 5 Machi

Hakuna bukari.

Nimefika saa yangu, nimenawa mikono, nimekaa. Meza tupu, ugali haujasongwa. Ngalula alikuwa uani anafua. Ameniona, ameshtuka, sabuni imemdondoka.

"Siyakusikia, Baba Kapinga."

Nimengoja kama mgeni asiyealikwa. Lazima niandike hili jinsi lilivyo, maana limeniudhi kuliko mihogo na pasi. Hatukuwahi kulipanga, lakini tangu tuoane limekuwa hivi: maji yanachemka kwenye mbabula ya makaa, Radio inakohoa pale kona ya mashine ya kusaga, Ngalula anatia unga. Nikishasimamisha pikipiki, nikavua viatu, nikanawa, mwiko unagonga sufuria mara ya mwisho. Bukari inakuja mezani inatoa moshi. Bukari iliyopoa mimi siiti chakula.

Leo imekuja imechelewa na haikuiva vizuri. Nimesema nililosema. Kapinga, binti yetu, ameinua sahani yake akaenda kula jikoni.

Anasema hakunisikia. Kwani hana macho?

Ijumaa, 6 Machi

Leo nimeipenda. Niandike kabla sijabadilika.

Nimeingia shuleni bila mtu kujua. Nyuma ya vyoo nimewakuta vijana wa darasa la tano, moshi puani bado. Nimesimama nyuma yao nikangoja mpaka mmoja ageuke. Uso wake! Kisha darasa la pili: mwalimu wa hesabu kalala, kichwa juu ya meza, wanafunzi wanacheza karata. Zamani Radio iliwaamsha wote. Nilipofika kila mara nilikuta kimya, vichwa vimeinama, nikadhani nina shule yenye nidhamu. Wamenidanganya miaka kumi na minane.

Wote wamepiga magoti uwanjani, mikono juu. Mwalimu nimemwandikia barua ya onyo.

Jumatatu, 9 Machi

Wanafunzi wameshaipa jina. Mulozi. Vizuri. Waogope.

Leo walimu walikuwa na kikao chao, nikatoka mapema. Nimefika nyumbani jua bado kali. Kabla sijafungua geti nimesikia mwanamke anacheka ndani. Kicheko cha tumboni, kinapanda, kinakatika, kinaanza tena. Nikajiuliza ni mgeni gani huyu. Sauti siijui.

Nimeingia. Hakuna mgeni. Ngalula na Kapinga peke yao, bakuli la maharagwe katikati, wanachambua.

Wamenyamaza palepale. Ngalula akajifuta macho na kitenge. Akauliza kama nina njaa.

Alikuwa ni yeye. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hiyo, na sauti ya kicheko chake sikuitambua.

Jumanne, 10 Machi

Nimemuuliza jana walikuwa wanachekea nini. "Hakuna kintu." Nimemuuliza Kapinga. "Hakuna kitu, baba." Wameniangalia kama wale wavutaji wa nyuma ya vyoo.

Mimi najua uso wa mtu anayeficha. Ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimeegesha ukutani nikasikiliza. Sioni aibu. Ni ukuta wangu.

Kapinga alikuwa ananiiga. Kikohozi changu. Ninavyotupa funguo mezani. Ninavyouliza "Nani alikuwa anasema?" hata kama hakuna aliyesema. Ananipata sawasawa, shetani yule. Ngalula anacheka mpaka anakosa pumzi. Kisha akasema, na hili nimelishika neno kwa neno:

"Acha, utaniua! Radio ilikuwa inatuhurumiaka. Ilikuwa inasema: mufunge kinywa, baba iko anafika. Sasa ile mulozi haisemake kintu."

Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimesukuma geti. Kapinga alikuwa amesimama katikati ya ua, amevaa koti langu la shule. Lile la kijivu. Nimemwambia apige magoti kwenye changarawe karibu na bomba, mikono juu. Ana miaka kumi na saba na anajua maana ya kumcheka baba. Amepiga magoti. Koti bado mwilini.

Ngalula ametoka jikoni na mwiko mkononi. Nilidhani atapiga kelele. Ameweka mwiko chini, akakunja kitenge, akapiga magoti kando ya binti yake. Mikono juu.

Majirani walikuwa wanaona juu ya ukuta.  Nimeingia ndani nikakaa. Wamekaa pale mpaka bukari imeungua na harufu imeingia nyumba nzima.

Ijumaa, 13 Machi

Siku mbili hakuna anayesema. Bukari inakuja, inachelewa, inapoa. Nakula.

Leo nimefungua geti na kifuniko cha sufuria kimeanguka juu ya saruji. Kelele mpaka mbwa wa jirani wamebweka. Ngalula amekifunga kwa kamba, ili nikisukuma tu kilie. Ameniwekea mtego kwenye geti nililolichomelea mimi mwenyewe. Nimeikata kamba.

"Unatuchunga sawa bezi," amesema. Akaondoka.

Wezi! Mimi sichungi mtu. Nafika kwangu. Mtu akifika kwake apige filimbi kama treni?

Jumapili, 15 Machi

Nimetoka kwaya, nyumba imefungwa. Mama wa jirani amenipa ufunguo juu ya ukuta bila kunitazama. Anasema wamepanda gari la Likasi asubuhi, kutoka pale wataendelea Kambove kwa Kalala, kaka mkubwa wa Ngalula. Vitenge vyake vimekwenda. Vitabu vya Kapinga pia. Koti langu la kijivu limefuliwa, linaning'inia kwenye kamba.

Nimejipikia bukari. Mabonge. Mwenye njaa hana miiko, nimekula nikiwa nimesimama.

Pikipiki imejaa chaji leo. Umeme haukukatika hata mara moja. Naichukia.

Jumatatu, 16 Machi

Nimesoma majina ya darasa la sita. Nimefika kwa Kapinga nikasita. Darasa zima limeniangalia. Wanajua. Mji huu hauna siri, una mapazia tu.

Mwaka wa mtihani wa serikali, na binti wa mkuu wa nidhamu hayupo.

Mchana nimemkuta mvulana wa la nne chini ya mti wa maparachichi na kitabu alichomwibia mwenzake. Nimempita tu. Sikuwa na nguvu.

Jumatano, 18 Machi

Nilitaka kwenda Kambove na pikipiki hii. Nimepiga mahesabu, kisha nimecheka peke yangu sebuleni. Inafika Ruashi na kurudi, na kidogo cha kuzunguka sokoni. Barabara ya Likasi ingeniacha porini na kofia yangu kichwani. Radio ingefika, hata kwa kukohoa.

Nimempigia Kalala simu. Ni kupiga kelele tu, maana masikio yake yamekwisha. Mkewe amechukua simu, akamuuliza, akanirudishia jibu: mambo haya hayasemwi kwa simu. Mume afike.

Naona wazi wanavyotaka. Wanataka nije na kuku mkononi kama kijana anayeposa.

Jumamosi, 21 Machi. Kambove

Nimekuja na kuku mkononi.

Kalala alikuwa ameketi barazani. Nimemsalimia, hakugeuka. Nilidhani dharau. Nimesogea, nikamgusa bega, akaruka kwenye kiti mpaka kikombe kimemwagika. Miaka mingi chini ya ardhi na mashine ya kutoboa mawe. Sasa anasoma midomo. Kuku amechukuliwa na Ngalula. Hakunitazama. Amekonda, au ni taa ya pale.

Wamekaa upande mmoja, mimi upande wangu. Kalala amemwambia dada yake aseme, na aseme polepole ili amwone mdomo. Amesema:

"Haina ile moto njo naogopa. Na mushahara wake siongee. Zamani nasikia Radio, natengeneza sura yangu, nafungua mulango. Minafurahi ao sifurahi, sura iko tayari. Sasa anatokea tu. Hanipatie nafasi. Na mutoto, anamupigisha magoti sawa muntu wa barabara."

Nimesema nyumba ni yangu, sijamkataza mtu kucheka. Kapinga, pembeni kabisa, amenitazama moja kwa moja. Sikuendelea.

 Kalala akasema kwa ile sauti yake kubwa ya viziwi:

"Shemeki, angalia miye. Mi sisikiake muntu anafika. Mutu anatokea mbele yangu tu, kila siku, hata bibi yangu. Roho inaruka. Miaka tisa, na bado inaruka. Miye, Mungu njo alinifunga masikio. Weye unafunga dada yangu masikio sababu ya nini?"

 Nikainamisha kichwa kwa hasira ili asiusome mdomo wangu.

Wameleta chakula. Bukari imeiva vizuri, inatoa moshi. Kuku wangu mwenyewe kwenye sahani. Sisi Baluba, mkwe akija, filigisi ni lake. Hata mtoto anajua, hakuna anayeligusa. Kalala amelitafuta kwenye mchuzi kwa kijiko, amelipata, amelitia kinywani mwake. Ametafuna taratibu akinitazama. Ngalula ndiye aliyepika, na ndiye aliyesogeza sahani kwa kaka yake.

Nimekula bawa. Sijatukanwa hivyo tangu nizaliwe, na hakuna aliyefungua kinywa kunitukana.

Jumapili, 22 Machi

Tumerudi watatu kwenye gari moja. Kapinga kiti cha mbele kabisa, mimi cha nyuma. Makubaliano ni haya: pikipiki inabaki, kwa sababu hakuna nyingine. Nikifika kona ya mashine ya kusaga, nitapiga honi. Na magoti ni ya shuleni. Kwangu hayapigwi tena.

Hilo la mwisho Kalala alinifanya nilirudie huku akiutazama mdomo wangu.

Jumanne, 24 Machi

Honi yenyewe ni aibu. Inalia kama kifaranga. Jana nimepiga pale kona, mama mwenye mashine ya kusaga katoka nje na unga usoni kuangalia ni mtoto wa nani anachezea baiskeli. Manseba wawili wakapiga za kwao kunijibu, pii, pii, mpaka nimeingia getini.

Ndani: kimya. Vichwa vimeinama. Mwiko unagonga sufuria.

Bukari moto. Nimepata nilichokuwa nacho zamani, vilevile, na sasa najua ni kitu gani. Nimekula vibaya.

Ijumaa, 27 Machi

Shuleni sipigi honi. Shule ni shule. Leo tena wavutaji wawili.

Nyumbani napiga. Wananyamaza. Nakula. Kapinga ananijibu "ndiyo baba" na "hapana baba". Jana nimemwuliza kama mapitio ya fizikia yanakwenda. Ndiyo baba. Nimeuliza kama kuna kitu hakielewi. Hapana baba. Nilitaka kutupa funguo mezani, nikakumbuka jinsi anavyoniiga, nikaziweka mfukoni. Ameona. Nadhani alitaka kucheka. Sina hakika.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Matope mpaka kwenye miguu ya kochi. Pikipiki haikufa kwa maji kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia yule wa dukani.

Alhamisi, 2 Aprili

Umeme ulikatika mchana mtaa mzima. Nilipofika kona, mashine ya kusaga ilikuwa imesimama. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni juu ya gunia, anapunga nzi. Kawaida hapo husikii hata jina lako. Leo palikuwa kimya, na pikipiki chini yangu iko kimya pia.

Nikawasikia. Nyumba yetu ni ya tatu kutoka kona na ukuta si mrefu. Kapinga alikuwa anasimulia kitu, sauti yangu ndani ya sauti yake. Halafu pii, pii, kwa mdomo. Halafu Ngalula. Kile kicheko kinachopanda, kinakatika, kinaanza tena.

Kidole gumba kilikuwa kwenye honi. Nilikuwa na njaa, sikula kitu tangu asubuhi.

Mama wa mashine alinitazama.

"Directeur, moto inazima?"

"Hapana, mama. Iko tu."

Nimekaa juu yake pale kona, miguu yote miwili chini. Kapinga aliendelea. Sijui nilifanya nini kingine katika hadithi yake, lakini ilikuwa ndefu. Mtu mmoja alipita na baiskeli ya makaa, akanisalimia, nikamwitikia kwa kichwa.

Walipomaliza nikapiga honi. Nikasikia unga ukimiminwa, kisha mwiko. Nimekwenda polepole, nimesimamisha, nimevua viatu, nimenawa mikono.